Kilio Kilichofunguliwa Ukumbini

"Mama, ninaomba jibu," alisema Josiane. "Hata kama ni hapana, niambie hapana, niisikie."

Paskalia aliendelea kukata vichwa vya ndagala, wale dagaa wakavu ambao Josiane huwafuata mpaka Skärholmen kwa sababu kwao Tumba, huku Sweden, hawapatikani. Alikuwa ametandika gazeti juu ya meza ya jikoni. Vichwa aliviweka upande mmoja, miili upande mwingine, na hakuinua macho.

"Nilikujibu Pasaka."

"Pasaka ulisema tungojee."

"Si ndilo jibu? Tungojee."

"Tunangojea tangu mwaka gani, Mama?"

"Mimi sihesabu. Anayehesabu ndiye anayechoka."

Josiane aligeukia jiko, akapunguza moto ambao haukuwa mkubwa. Hakuwa mtu wa kumpandishia sauti mama mkwe. Kutwa alikuwa akiosha masufuria ya jikoni kwenye shule moja, na kila aliporudi alikuta Paskalia ameshamwekea beseni la maji ya moto ya kuchovya miguu. Mtu anayekuwekea maji ya miguu kila siku, utamgombezaje?

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Emery, mtoto wa Paskalia na mume wa Josiane, alichukuliwa na wanajeshi nyumbani kwao Bukavu miaka saba iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona wala kumsikia. Sasa alikuwapo Fidèle, mtu wa kanisani kwao aliyefiwa na mke, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, mkazi wa Upplands Väsby. Alitaka kumwoa Josiane, na Josiane alimtaka. Mahakama ya Sweden ilikwisha kuivunja ndoa ya kwanza. Mchungaji hakuwa na pingamizi, ila alitaka neno litoke kwa mama wa Emery. Na hata kama mchungaji asingesema hivyo, Josiane asingeondoka bila neno hilo.

Kwao msiba huitwa kilio, na kilio kina mwenyewe. Mama wa marehemu ndiye hukifungua. Huweka mikono kichwani, humwita mtoto wake kwa jina, na akishamwita hawezi kulirudisha jina mdomoni. Watu huja, huketi chini pamoja naye, na siku ya kukitoa kilio, yaani kukimaliza, mama huyohuyo humkata mjane nywele, mjane akawa mtu huru.

Paskalia hakutaka kukifungua. Mtu ambaye maiti yake haijaonekana, alisema, ukimlilia umemzika kwa mdomo. Kwa hiyo nyumbani mwake hakuna aliyemlilia Emery. Alipotajwa, na hakutajwa sana, alitajwa kama mtu aliyechelewa njiani.

Mlango wa mbele ulifunguka, ukabamizwa. Huyo alikuwa Maombi, binti wa Josiane na Emery, mwenye miaka kumi na saba, ambaye hakuwahi kufunga mlango polepole tangu wahamie Tumba. Aliingia jikoni na koti lake, akaweka tiketi tatu juu ya gazeti, kando ya vichwa vya samaki.

"Zitanuka!" mama yake alisema.

"Zinuke tu. Jumamosi mchana. Wewe, Koko na Anti Roselyn. Mstari wa tatu, mtaniona mpaka meno."

"Ni ule mchezo wa shule?" Paskalia aliuliza. "Wa Yesu?"

"Koko, si kila mchezo ni wa Yesu," Maombi alimwambia bibi yake.

"Basi mwishoni kuna harusi."

"Hakuna."

"Sasa watu wanatoka manyumbani mwao wakaone nini?"

Maombi alicheka, akajibu kwa Kiswidi, kisha akarudia kwa Kiswahili alipoona uso wa bibi yake. Darasa lao la maigizo lilikuwa limechukua kitabu cha zamani, kimoja cha vile ambavyo kila mwanafunzi husomeshwa, likakigeuza mchezo. Kilisimulia juu ya nchi ambayo serikali yake inajua kila mtu amelala wapi, amekula nini na amesema nini, na mtu akichukuliwa, majirani hujifanya hawakuwahi kumjua.

"Hicho si kitabu," Paskalia alisema. "Hiyo ni habari."

"Na wewe unakuwa nani humo?" Josiane aliuliza.

"Mtoto tu. Sisemi maneno mengi." Maombi alichukua chungwa, akaingia chumbani kwake.

Paskalia aliona kwamba tiketi ya Fidèle haikuwapo, akashukuru kimoyomoyo. Hakujua kwamba Maombi alimpelekea, na Fidèle akaikataa kwa upole, asije akamharibia mama siku ya mjukuu wake.

*

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Söder, chini ya jengo kuukuu, na ngazi za kushukia zilikuwa nyembamba. Roselyn, Mkenya wa ghorofa ya chini aliyefanya kazi ya kutunza wazee, alikuwa amevaa viatu virefu na kuvilalamikia njia nzima tangu kwenye treni. Mlangoni kijana mwenye nywele nyekundu alimwomba Paskalia aache koti na mkoba. Koti Paskalia alitoa. Mkoba aliukumbatia.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema chakula hakiingii ndani, Shosho," Roselyn alisema, akimwita bibi kama waitavyo kwao Kenya. "Kwani una nini humo?"

"Mandazi ya mtoto. Atatoka ana njaa."

"Hawa hawali kwenye mchezo. Wanakaa tu kama wako kwa daktari."

Foleni ilikuwa imesimama nyuma yao. Watu waliutazama mkoba, halafu wakatazama viatu vyao wenyewe, kama wafanyavyo Waswidi wanapotaka jambo liishe. Josiane aliona joto likimpanda shingoni. Alinyosha mkono kuuvuta mkoba ule, lakini kijana alimtangulia. Alisema kitu kwa sauti ndogo, akaupokea kwa mikono miwili, na badala ya kuutupa pamoja na makoti akauweka kwenye kiti chake mwenyewe.

"Anasema ataulinda," Josiane alitafsiri.

Paskalia alimtazama kijana yule vizuri usoni, ili amkumbuke kwenye sala.

Jukwaani palikuwa na meza ndefu na viti. Taa za ukumbini zilipozimwa, Roselyn alianza kumnong'onezea Paskalia. Katika mji ule, alisema, kila mtu hupewa kiti na serikali siku anayozaliwa, kiti kimoja cha maisha. Mtu akichukuliwa, watu wa nyumbani kwake hutakiwa kukitoa kiti chake barabarani wao wenyewe, warudi mezani, wale, na meza ionekane imetimia. Atakayetoa chozi, kiti chake nacho hutolewa.

"Na wanakubali?" Paskalia aliuliza, si kwa sauti ndogo sana.

Mwanamume aliyeketi nyuma akafanya "shhh".

"Mwambie samahani," Paskalia alimwambia Josiane. "Lakini wanakubali?"

"Wanakubali, Mama. Nyamaza."

Akanyamaza. Kiswidi kilikuwa kikimpita juu ya kichwa, basi akatazama mikono na migongo ya watu. Aliona baba wa nyumba ile, mvulana mwembamba aliyebandikwa ndevu, akitolewa na watu wawili waliovaa kijivu. Hawakumpiga. Walimshika viwiko kwa adabu, kama wanaomvusha barabara. Paskalia aliijua adabu ile. Waliokuja Bukavu nao walisema samahani, mama, hatutamchelewesha.

Kisha Maombi akainuka. Kiti cha baba kilikuwa kikubwa kuliko vingine, cha mbao nzito. Alikibeba kifuani, mgongo wa kiti ukiwa begani mwake, kama mtu aliyembeba mtoto mwenye usingizi. Alitoka nacho nyuma ya pazia, ukumbi ukasikia kikitua chini, akarudi mikono mitupu. Akaketi. Akashika kijiko, akala. Msichana aliyekuwa mama wa nyumba ile alisema neno, wote mezani wakatabasamu. Maombi naye akatabasamu, mdomo umefungwa, taya likitafuna, koo halimezi.

Uso ule Paskalia aliwahi kuuona. Aliuona Bukavu asubuhi iliyofuata Emery kuchukuliwa, kwa mtoto wa miaka kumi mbele ya bakuli la uji, na aliyesimama nyuma ya mtoto yule alikuwa yeye, Paskalia, akisema: Usilie. Kula. Baba yako anarudi.

Kwao mtoto haachwi alie peke yake. Mtu mzima humtangulia, akamfungulia njia. Paskalia hakuwaza zaidi ya hapo. Alisimama kwenye mstari wa tatu, akaweka mikono kichwani, akaita.

"Emery eee! Mwanangu Emery! Umeniachia nani, Emery eee!"

Ukumbi mzima uligeuka. Wengine walidhani ni sehemu ya mchezo, na mwanamke mmoja akaanza kupiga makofi, akaacha. Josiane alijua ni nini. Alikuwa ameingojea sauti ile miaka saba, na sasa ilipokuja haikumfurahisha hata kidogo. Alivuta kitenge alichojitanda mabegani, akamfunga mama mkwe kiunoni kwa nguvu, kama inavyotakiwa, asianguke. Roselyn hakuzijua desturi zao, lakini alimjua mama anayelia. Alivua viatu vyake virefu, akamshika upande wa pili. Yule mwanamume wa nyuma aliinuka, akawapisha, akaokota kiatu cha Paskalia kilichokuwa kimemtoka na kukishika mpaka walipofika mwisho wa mstari, akampa Josiane.

Jukwaani Maombi hakuwa na ruhusa ya kugeuka. Alikishikilia kijiko chake. Jina la baba yake lilikuwa likiitwa mbele ya watu, kwa sauti ya bibi aliyemfundisha kutolitaja, na machozi yakaanza kumdondokea kwenye sahani. Wenzake walitazamana. Msichana aliyekuwa mama wa nyumba alimsogezea kikombe cha maji, jambo ambalo halikuwapo kwenye mchezo, na baada ya hapo wakaendelea.

*

Nje ya mlango wa ukumbi, kijana wa nywele nyekundu aliutoa mkoba kitini, akamketisha Paskalia hapo, akaenda kutafuta maji. Sauti ilikuwa imemwishia Paskalia. Ndipo alipoanza kuelewa alichofanya.

"Nimemwita," alisema. "Josiane, nimemwita kwa jina."

"Nimesikia, Mama."

"Mikono ilikuwa kichwani?"

"Ilikuwa kichwani."

Mwanamke wa makamo, aliyeonekana kuwa mkubwa wa mahali pale, alitoka haraka akiwa na miwani mkononi. Hakumsemesha Paskalia. Alimsemesha Josiane, polepole sana, akitenga neno na neno, kama asemaye na mtoto. Je, bibi alikuwa amekunywa dawa zake leo? Je, kulikuwa na mtu wa kupigiwa simu?

Kiswidi cha Josiane kilikuwa kizuri cha kutosha siku zote. Wakati huo kilimkimbia. Alisimama akiwa amekishika kiatu cha mama mkwe. Roselyn ndiye aliyejibu, akiwa na soksi tu miguuni.

"Dawa natoa mimi, ndiyo kazi yangu, na huyu hana ugonjwa. Amefiwa na mtoto."

"Oo," mwanamke alisema. "Pole. Lini?"

Roselyn alimtazama Paskalia, akamtazama tena yule mwanamke.

"Sasa hivi," alisema.

Mwanamke yule alivaa miwani yake. Hakuuliza tena. Aliuvuta mlango wa ndani ufunge vizuri ili kelele za mchezo zisiwafikie, akabaki amesimama pamoja nao, mikono imekunjwa mbele, mpaka makofi ya mwisho yaliposikika.

Maombi alitoka akiwa ameosha uso, nywele za mbele bado zina maji. Hakuwatazama. Ndani ya treni alichagua kiti cha upande wa pili wa njia, akawapa mgongo. Paskalia alitoa mandazi, akampa Josiane ampelekee. Maombi alitikisa kichwa. Josiane akarudi nayo, na Roselyn akala mawili ili yasionekane yamekataliwa yote.

*

Walipofika nyumbani jua la Mei lilikuwa bado juu ya majengo. Siku hiyo Josiane ndiye aliyejaza beseni, akamvua Paskalia soksi, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, lile la ukumbini mimi silihesabu," alisema. "Ulimlilia mtoto wa mchezo. Roselyn hatasema, na mimi sitasema. Kesho tutaamka kama kawaida."

Paskalia alimtazama utosini, pale nywele zilipoanza kuwa na mvi. Alikuwa ameonyeshwa pa kutokea. Na aliyemwonyesha ni mtu yuleyule ambaye angeumia. Josiane angeweza kusema kilio kimefunguliwa, watu wamesikia, nipe uhuru wangu. Hakuna mtu kanisani ambaye angemlaumu.

"Na Fidèle utamwambia nini?"

"Nitamwambia tungojee."

Mlango wa chumba cha Maombi ulibamizwa ukutani. Alisimama pale akiongea Kiswidi cha haraka, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Mama yake alimwambia aseme Kiswahili, Koko asikie.

"Nasema mnafuta!" Maombi alisema. "Nimewasikia. Kwanza ameniharibia mchezo wangu. Miezi minne, Maman! Wenzangu wananitumia ujumbe, sijui niwajibu nini. Halafu mnakaa hapo mnasema haikuwa kitu. Kama haikuwa kitu, kwa nini uniharibie?"

"Maombi, sema na Koko polepole."

"Nasema polepole tangu nina miaka kumi!" Alipangusa pua kwa mkono wa fulana. "Mwalimu alinipa nafasi ya mkuu wa polisi. Kurasa sita za maneno. Nikakataa, nikaomba yule mtoto. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya kile kiti. Kila Jumanne, kwenye mazoezi, nilikuwa nambeba Papa. Namwinua, namtoa nje, namweka chini mimi mwenyewe. Kule naruhusiwa. Hapa ndani hata jina lake, nikitaka kulisema, nachungulia kwanza kama Koko amelala."

Jikoni bomba lilikuwa likidondosha matone. Paskalia alitazama miguu yake ndani ya maji. Ilikuwa imekunjamana, na ilionekana mikubwa kuliko ilivyo.

"Nilifikiri tukinyamaza atapata nafasi ya kurudi," alisema mwishowe. "Niliona kama mtu anayelala nyumba ya jirani, ukilia anajua mmeshamzika, haji tena. Nikawafunga midomo. Sikuona kwamba wewe ulikuwa mtoto."

"Uliniambia nile," Maombi alisema, na sauti ikawa ndogo. "Ule uji ulikuwa wa moto, Koko. Nikala hivyohivyo."

"Njoo."

Maombi hakwenda. Baadaye kidogo akaenda, akapiga magoti penye maji yaliyomwagika, akaweka kichwa mapajani mwa bibi yake. Paskalia hakumwambia nyamaza. Alimwekea mkono mgongoni, akaanza kulia kabla yake, kwa sauti ya chini, ili mtoto asitangulie peke yake.

Walipopumzika, Paskalia alitoa miguu majini.

"Josiane, lete taulo. Halafu sukumeni kochi ukutani, mtandike mikeka na blanketi. Mpigie mchungaji simu. Mwambie mama Emery ameanza kulia leo mchana, huko Söder, na watu wanaweza kuja."

"Mama, si lazima ufanye hivyo kwa ajili yangu."

"Nani amesema ni kwa ajili yako? Usijipe ukubwa. Lete taulo."

*

Watu walikuja Jumapili baada ya ibada. Roselyn alipandisha sufuria ya wali ngazi zote kwa sababu lifti ilikuwa mbovu tena. Wanawake wa Kikongo waliketi chini, migongo ukutani, wakaimba nyimbo za kwao. Wenzake wawili wa Maombi wa mchezoni walikuja na maua, wakasimama mlangoni wasijue waende wapi, mpaka mama mmoja akawavuta kwenye mkeka na kuwapa sahani. Mmoja wao alikuwa yule msichana aliyemsogezea Maombi kikombe. Walipokuwa wakila, alimwambia kwamba mwalimu anataka wacheze tena wiki ijayo, naye Maombi akasema atacheza.

Siku ya pili mlango uligongwa kwa vidole vizito, na nyimbo zikakatika. Alikuwa mzee wa Kiswidi wa mlango wa jirani, ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kuwaambia zaidi ya hej, salamu yao. Josiane alitoka sebuleni akiwa tayari kuomba radhi kwa kelele. Mzee aliuliza kuna nini. Josiane alimweleza. Mzee alichungulia juu ya bega lake, akawaona watu wazima, wengine wenye mvi, wameketi sakafuni. Akavua kofia, akaondoka. Muda si mrefu alirudi akihema, amebeba viti vya kukunja vya bustanini, viwili kila mkono, akarudi tena kuleta vingine.

Wanawake walitazamana. Kwenye kilio hakuna anayeketi juu.

"Tufanyeje?" mmoja alinong'ona.

"Tuketi," Paskalia alisema. "Amevitoa stoo kwa mgongo wake."

Wakaketi juu ya viti vya bustanini, magoti yamebanana, mpaka mzee alipokwisha kutoa pole kwa kila mmoja na kurudi kwake. Hapo wakashuka chini tena, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi kukawa na kicheko ndani ya nyumba ile, na Paskalia naye alicheka.

Katikati ya wiki kilio kilitolewa. Josiane aliketi kwenye mkeka, Paskalia akamkata nywele kwa mkasi wa Roselyn, akiziokota zilizoanguka moja moja. Alipomaliza alimpangusa shingo kwa kiganja.

"Sasa wewe ni mtu huru," alisema. "Lakini kukutoa kwa mtu akuoe ni neno jingine. Huyo wa Väsby mwite. Aje mikono mitupu, sitaki soda wala kitambaa. Nataka kumsikia."

*

Fidèle alikuja Jumamosi moja kwa moja kutoka kazini, amevaa koti la uwanja wa ndege lenye mistari inayong'aa. Alikuwa mtu mkubwa, na hakujua aketi vipi. Alichagua ukingo wa kiti karibu na dirisha. Josiane alimsalimia, akakimbilia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Paskalia alimwacha apumue. Alimuuliza habari za safari, akamuuliza marehemu mke wake aliitwa nani. Fidèle alisema aliitwa Spéciose. Paskalia alilirudia jina lile, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akasema lile alilomwitia.

"Na Emery akirudi?"

Jikoni maji yalifungwa.

Paskalia alikuwa amejiandaa. Alijua kungekuwa na majibu mazuri. Mchungaji angesema Mungu anajua. Mtu mwerevu angesema nitamkumbatia kama ndugu yangu. Alikuwa na neno la kumjibu kila mmoja wa hao, na neno lake lilikuwa hapana.

Fidèle alisugua magoti kwa viganja vyake.

"Sijui, Mama," alisema. "Nimejiuliza kabla hata sijamwambia Josiane kitu. Ile ndege ya kutoka Brussels inayoleta watu wetu, tukiipakua, mizigo ikishuka, nasoma majina. Kila mara nasoma. Nawaza, siku nikiliona jina lake nitafanya nini? Ningependa kukwambia nitaondoka kwa amani. Nisikudanganye. Sitataka kuondoka. Na kubaki nako naona si haki. Kwa hiyo sijui."

Paskalia alifikiri juu ya mtu huyu mkubwa, akiinama kwenye baridi ya uwanja wa ndege kusoma jina la mwanawe kwenye masanduku ya watu. Alidhani ni yeye peke yake katika nchi hii aliyekuwa bado anamtafuta.

"Hata mimi sijui," alisema. "Sogea huku. Hapo dirishani panaingia upepo."

Fidèle alihamia kwenye kochi, kochi likashuka upande wake.

"Utamchukua Josiane," Paskalia alisema. "Ninamtoa mimi, kama binti yangu. Nitakuomba kitu kimoja. Siku akimtaja mtu wake mbele yako, usijifanye hukusikia. Na mtoto vilevile. Muulize."

"Nimuulize nini, Mama?"

"Muulize alikuwa mtu wa namna gani."

Fidèle alifikiri, kisha akageuka kumwelekea vizuri, koti lake likikwaruza.

"Alikuwa mtu wa namna gani, Mama?"

Josiane alikuwa ametokea kwenye mlango wa jikoni, mikono inachuruzika maji. Maombi naye alitoka chumbani, akasimama nyuma ya mama yake.

"Mbishi," Paskalia alisema. "Ee, mbishi! Hata kuzaliwa alikataa. Wakunga wamechoka, mimi nimechoka, yeye anasema siendi popote. Ketini basi, mbona mmesimama? Ni habari ndefu."